Kitufe cha Hifadhi na Kuku wa Sepuka

Bwana mifugo alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Mandewa nasubiri chai ichemke. Mimi si mtu wa kutulia nikisubiri kitu, hata chai naisubiri kwa kuizunguka meza, kwa hiyo nilimsikiliza nikizunguka. Aliniambia kwamba ile programu ya simu niliyowatengenezea wachanjaji wa kuku inaonyesha kijiji cha Sepuka hakijachanjwa hata nyumba moja. Na mchanjaji wa Sepuka ameshamaliza siku zake tatu, chupa tupu amesharudisha.

"Yule ni shangazi yako, sivyo?" akauliza.

Nikamwambia ndiye, dada wa baba, tumbo moja.

"Basi nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu. Maneno yameanza. Wanasema dawa kaimwaga, akakaa kwake. Jumatano tunakutana ofisi ya kijiji. Kama hana rekodi, simu na kazi tunampa mtu mwingine."

Shangazi alikuwa akichanja kuku dhidi ya ugonjwa wa mdondo tangu mimi sijui kusoma, tone moja kwenye jicho la kila kuku, alfajiri kabla hawajafunguliwa. Mtu anayeruhusiwa kuingiza mkono kwenye banda lako wewe ukiwa hujanawa hata uso ni mtu aliyeaminiwa. Angenyang'anywa kazi ile kwa kuitwa mwongo, sijui angepita njia gani kwenda kisimani. Jina lake lilikuwa lote mle, kwenye mabanda ya watu.

Nilichofanya baada ya kukata simu sikukipenda wakati ule na sikipendi sasa. Niliifungua programu kwenye simu yangu, nikaandika nyumba ya uongo yenye kuku watano, nikabonyeza Hifadhi. Ikahifadhi. Nikarudia mara nne, mara kumi, nikiwa nimesimama, chai imemwagikia jiko. Kila mara ilihifadhi. Nikashusha pumzi: kazi yangu ilikuwa nzima. Kisha nikaelewa maana yake, kwamba kama programu ni nzima basi mwongo ni shangazi, na kwa muda wa kama nusu saa nilimshuku. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake asubuhi nikachukua kompyuta yangu nikaenda Sepuka.

Kabla sijafika kwake nieleze jambo moja, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Kwetu wazee hawapendi mifugo ihesabiwe kwa sauti. Ukitaja idadi hadharani umeita msiba, na wapo wanaoamini hivyo hata kwa kuku. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa anamnong'oneza shangazi idadi, shangazi anaiingiza kwenye simu, basi. Kwenye daftari haandiki, aliwaahidi. Na tangu mwanzo alinipa sharti: namba isibaki kwenye kioo mtu mwingine akaiona, hata yeye mwenyewe asiione tena. Nikaona ni sharti jepesi. Nikaitengeneza programu hivi: ukishahifadhi, namba inafichwa na unarudishwa mwanzo, na ukitoka kwenye programu kwa namna yoyote, kila ulichoandika kinafutwa papo hapo. Nilijisifu sana kwa hilo. Nilidhani nimewajengea watu wangu kitu kinachowafaa kuliko chochote kilichoandikwa mbali.

Nilimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mguu gani?"

Alijua nimekuja na mguu gani. Alinipa uji, akaniuliza habari za baba, za kodi ya nyumba, za kwa nini nimekonda. Mimi goti langu lilikuwa linatikisika chini ya bakuli. Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikamwomba anionyeshe anavyojaza.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaleta simu ya mradi. Ilikuwa mpya kuliko yangu. Akafungua, akachagua kitongoji, akachagua nyumba, akaweka namba moja ya kubuni. Kisha akashusha kidole gumba katikati kabisa, chini ya kioo, kama nilivyomfundisha mwenyewe: bonyeza katikati, shangazi, usibonyeze pembeni. Programu ikatoweka. Zikabaki alama za kawaida za simu, saa na kamera.

"Imeshika," akasema. "Zamani ilikuwa inarudi mwanzo taratibu. Siku hizi inatoka moja kwa moja. Nikajua umeirekebisha iwe na siri zaidi."

Nilimnyang'anya simu, sina neno jingine. Nikafungua tena, nikakitazama kioo kwa karibu. Kitufe changu cha Hifadhi kilikuwapo, lakini kimezama. Nusu yake ilikuwa chini ya ule mstari wa vitufe vitatu vya simu yenyewe, kinaonekana kwa giza giza kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Katikati, pale nilipomfundisha abonyeze, palikuwa pamekaliwa na kitufe cha simu cha kurudi nyumbani. Kila nyumba aliyoiingia, kila namba aliyonong'onezwa, alibonyeza akatolewa nje ya programu, nayo programu ikafuta kila kitu kwa utii wote niliouweka. Siku tatu nzima. Na kwa kuwa namba zikishahifadhiwa hazionekani, hakuwa na mahali pa kwenda kuhakikisha.

Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniwasha hadi leo. Wenye mfumo wa simu walitangaza mapema kwamba matoleo mapya yatazitandaza programu kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini wa kioo. Zamani programu yangu ilikomea juu ya vile vitufe vya simu, kama mkeka unavyokomea ukutani. Sasa mkeka unapita chini ya ukuta, na ni juu ya fundi kuiuliza simu ukuta wake una unene gani, kisha asogeze vitu vyake juu. Mwanzoni waliruhusu uandike mstari mmoja wa kuomba udhuru. Nikauandika, nikaenda zangu. Baadaye duka la programu likadai niilinganishe yangu na mfumo mpya zaidi; nikabadilisha namba ya toleo, nikajaribu kwenye simu yangu ya zamani ambayo haijui habari hizo, nikaona mambo safi, nikaituma. Kwamba kwenye mfumo mpya udhuru haupokelewi tena, nilikuwa nimelisoma kwa jicho moja, nikiwa na haraka ya kitu ambacho sasa hata sikikumbuki. Asiyeziba ufa, baba hupenda kuniambia, na hamalizii, anajua najua.

Nilitengeneza pale pale, kompyuta juu ya kinu kilichogeuzwa. Kusogeza kitufe hakukunichukua hata muda wa uji kupoa. Nikaongeza na ujumbe mkubwa wa kijani: Imehifadhiwa. Nikamwonyesha. Akautazama.

"Kwa hiyo zile za siku tatu?"

"Hazipo, shangazi."

Hakunigombeza. Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta, na mimi nikazunguka ule ua hadi jogoo wakaanza kunikimbia. Ningependa angenigombeza.

Jumatano ofisi ya kijiji ilijaa akina mama. Bwana mifugo akasimama, akaeleza kwa adabu kwamba rekodi hazipo, na anataka kusikia kutoka kwa mchanjaji. Kabla shangazi hajainuka niliomba kusema mimi. Njia nzima nilikuwa nimebeba sentensi yangu mdomoni: simu ilijibadilisha yenyewe. Ni sentensi ya kweli, na ni nyepesi, na kila mtu pale mwenye simu angeikubali. Nikaianza. "Simu ili..." Nikamwona shangazi anatazama sakafu, viganja vimekaa juu ya magoti, nikaiacha sentensi ile.

"Yeye alichanja," nikasema. "Alijaza nyumba zote. Mimi ndiye niliyetengeneza vibaya. Nilikuwa na onyo la kubadilika kwa simu, nikalipuuza. Kitufe kikaingia mahali pabaya, kila alichojaza kikafutika. Kosa ni langu."

Bibi mmoja aliyekaa mbele, mwenye fimbo, akauliza, "Sasa zile hesabu zetu anazo nani?"

"Hakuna, bibi. Zimefutika."

"Hata wewe huna?"

"Hata mimi."

Akamgeukia mwenzake, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu niingie mle nikaona watu wanatabasamu. "Basi hakuna ubaya," akasema bibi.

Bwana mifugo hakutabasamu, yeye alihitaji rekodi. Akamwambia shangazi, "Mama, kama unazikumbuka, zijaze hapa hapa tumalize."

"Nazikumbuka zote," shangazi akasema. "Lakini sijazi kuku wa mtu bila mwenyewe kunitajia."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kutaja mara moja, kwa kunong'ona, wazee walishakubali kwa shida. Kutaja mara ya pili ni kumpigia hodi mkosi. Hakuna mtu angeweza kuwaomba vile, na yeye hakuwaomba. Alisimama tu. Nikaona kazi yake inakwenda, na mimi ndiye niliyemvua.

Bibi akajiinua kwa fimbo yake. "Kesho njoo kwangu alfajiri," akamwambia shangazi. "Nitakutajia."

Mama mwingine nyuma akasema, "Na kwangu." Kisha mwingine. Hawakupiga makofi wala vigelegele, walisema tu, mmoja baada ya mwingine, hadi bwana mifugo akafunga faili lake na kusema simu ibaki ilipo. Nililia, nikasingizia vumbi.

Alfajiri nikaenda naye. Nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba inashika, maana nisingeweza kukaa. Kwa bibi tulimkuta mlangoni, amejifunga kanga mbili kwa upepo. Akamsogelea shangazi sikioni, kisha akasita, akanitazama.

"Wewe geuka."

Nikageuka, nikatazama ukuta wa udongo wa banda, nikasikia mnong'ono nisioweza kuushika. Kuku walikuwa wanapigapiga mbawa ndani. Nikasikia kidole cha shangazi kikigonga kioo.

"Nigeuke?"

"Geuka."

Ule ujumbe wa kijani ulikuwapo. Shangazi akausoma kwa sauti, herufi zote, "I-me-hi-fa-dhi-wa," akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa na asiyemfahamu vizuri. Kisha akafungua fundo la pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na punje za alizeti. Akachukua moja, akaihamishia kwenye pindo la pili, akafunga mafundo yote mawili.

"Hiyo ni ya nini, shangazi?"

"Nyumba moja, punje moja. Siandiki kuku, naandika nyumba."

"Lakini imeshahifadhiwa. Umeiona."

"Nimeiona, mwanangu," akasema kwa upole. "Hiyo ni yako. Hii ni ya kwangu."

Iliniuma, na nilijua siwezi kuirekebisha kwa kompyuta. Alikuwa ameshatangulia kwenye njia ya nyumba ya pili, anaharakisha kabla watu hawajaondoka kwenda shambani, nami nikamfuata.