Upande Mzuri wa Kabibi

Siku ile kwetu Moba, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa Jumamosi, na kesho yake watoto wa parokia walikuwa wanapokea komunyo ya kwanza. Kwa sisi wapiga picha, Jumamosi ya namna hiyo ni mavuno. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, studio niliirithi kwa baba, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa pwani ile ya ziwa. Ukutani palikuwa na pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona. Kwenye msumari palining'inia koti moja la mvulana na gauni moja jeupe la msichana, vyote vya kuazima. Mama akileta mtoto mwenye kaptula iliyochanika, dakika tano baadaye yule mtoto ni mwana wa mkurugenzi.

Baba alinifundisha jambo moja kubwa kabla hajafa. Kila uso una upande mzuri, na kazi yetu ni kuutafuta. Mwenye kengeza mgeuze kidogo. Mwenye pengo mwambie afumbe mdomo. Mtu haji studio kuona alivyo, alisema baba, hilo hata kioo cha nyumbani kinamwonyesha. Niliyashika maneno hayo kama sala.

Saa saba mchana nilikuwa nampaka poda msichana mmoja aliyekataa kutulia.

Mlio wa kwanza tulidhani ni bati limeanguka.

Wa pili hatukudhani kitu. Mama yake alimnyakua na poda yake usoni, wakatoka. Mimi nilitia kamera kwenye sufuria, juu yake nikashindilia lile gauni na lile koti. Mpaka leo sijui kwa nini nilichukua nguo za kuazima nikaacha za kwangu.

Wenye bunduki walikuwa wanashuka kutoka mlimani. Hatukujua ni wa upande gani, na hakuna aliyesimama kuuliza.

Ufukweni watu walikuwa wanarusha watoto kwenye boti yoyote iliyokuwa na nafasi. Mtoto boti hii, mama yake boti ile. Wengine mama zao walibaki majini, maji kifuani, mikono juu.

Boti yetu iliondoka.

Asubuhi yake tulishuka Karema, upande wa Tanzania. Tulilazwa kwenye madarasa ya shule. Baada ya wiki moja watoto waliokuwa hawana ndugu, thelathini na kitu, walipakiwa kwenye lori kupelekwa Mpanda, kwenye nyumba ya masista. Walihitaji mwanamke anayejua lugha yao awasindikize. Sikuwa na mtu wa kumsubiri, nikapanda.

Sista mkuu wa nyumba ile alikuwa na mpango mzuri. Kila mtoto apigwe picha, na picha zibandikwe kwenye ubao kule Karema, zinakoshukia boti, ili mzazi akivuka ajue mwanawe yuko wapi. Kuna mtu alikuwa ameshajaribu. Alikuwa amewasimamisha watoto kwenye ukuta, namba kifuani, macho yamewatoka. Niliziona zile picha nikakasirika. Nikamwambia sista hawa si wafungwa. Mama gani avuke ziwa lile aje akutane na mwanawe amekuwa hivi? Aone basi kwamba wametunzwa. Sista alinitazama, akasema, "Haya, dada. Kazi ni yako."

Nikafanya kazi yangu. Niliwaogesha, nikawapaka mafuta na poda. Vichwa masista walikuwa wamekwisha kuwanyoa kwa sababu ya chawa, kwa hiyo wasichana niliwafunga utepe. Nikatoa gauni na koti kwenye sufuria, nikapasi. Mvulana mmoja akivua koti, mwingine anavaa.

Kulikuwa na mmoja wa kike, miaka mitano hivi, ambaye tangu Karema alikuwa hajasema neno. Masista walimwandika Tereza, maana ilibidi waandike kitu. Shavu lake la kushoto, kuanzia kidevuni mpaka sikioni, lilikuwa limeungua zamani na ngozi imejikunja. Kila alipotazamwa, alilifunika kwa kiganja. Siku ya picha alikataa kuutoa ule mkono. Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Usiogope. Hilo mimi silitaki. Nitakupiga upande mzuri." Nikamgeuza taratibu mpaka shavu lile likapotea upande wa pili. Nikamwonyesha kwa kioo kidogo cha poda jinsi atakavyotoka. Mkono ukashuka. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tumwone, nami nikabonyeza hapo hapo.

Baada ya hapo alinishika kidole, na hakukiachia mpaka jioni. Nilipoenda kisimani alikuwepo. Nilipolala alikuwa mgongoni. Niliona fahari, sitaficha.

Mkanda niliusafisha kwenye duka la Mzee Athumani, mfanyabiashara wa pale sokoni Mpanda aliyeuza vitenge na redio, na nyuma ya duka alikuwa na chumba cha giza. Picha zilipokauka alizipanga mezani, akazitazama muda mrefu huku anakuna ndevu.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Ila nyie, hawa wote wa mama mmoja? Wanaenda harusini?"

Tulicheka wote wawili. Angekuwa mtu wa kukasirika labda ningemsikiliza, lakini Mzee Athumani hakuwahi kusema jambo bila utani.

Picha zikaenda Karema kwa lori la dagaa. Wiki mbili baadaye baba mmoja alimtambua mwanawe kwa masikio. Wiki ya tatu wakapatikana ndugu wawili. Kila lori liliporudi mimi nilikuwa wa kwanza kulikimbilia kuuliza nani amechukuliwa, na kila mara nilipata woga ambao sikumwambia mtu: niliogopa kutosikia habari za Tereza, na niliogopa kuzisikia.

Jumatatu moja alikuja mwenyewe karani wa Karema, Bwana Kapele, Mfipa mpole aliyekuwa na kazi ya kukaa karibu na ubao na daftari lake. Alikuja kuchukua karatasi. Tukampa chai. Akawa anasimulia tu, kama mtu anayesimulia habari za mvua.

"Ijumaa kuna mama alivuka. Anatafuta mtoto wa kike, eti anaitwa Kabibi. Nikamwambia jina hilo mimi sina, angalia picha. Kaziangalia moja moja, mara tatu. Toka asubuhi mpaka saa nane. Kasema wa kwake hayumo."

"Hakusema ana alama gani?" aliuliza sista.

"Alisema. Shavu lote la huku limeungua." Akagusa shavu lake la kushoto. "Sasa ningemwambia nini? Kwenye picha zenu hakuna aliyeungua."

Niliweka kikombe chini.

Tereza alikuwa mlangoni. Nilimgeukia, nikaita, "Kabibi!"

Akageuka upesi, kama mtoto aliyeitwa kula.

"Yuko wapi huyo mama?" nilimuuliza karani.

"Nimemwacha ufukweni, anasubiri boti arudi kwao. Wamemdanganya kuna watoto walibaki kwa mapadri. Boti wanasema ni kesho, wakipata mafuta."

Lori la kwanza lililokuwa linaenda Karema lilikuwa limebeba chumvi. Nilimpakata Kabibi, tukakaa juu ya magunia. Ilikuwa masika. Nilimwambia dereva kuna mama anasubiri, akaniambia, "Dada, hili lori, siyo ndege." Alikuwa mtu mwema. Alikimbiza mpaka tukawa tunarushwa kama mahindi kwenye ungo.

Kwenye bonde la mto Katuma lori lilizama topeni.

Dereva na utingo walichimba. Wakakata matawi, wakatandika. Likatoka hatua tatu, likazama tena.

Nilitaka kutembea. Walinishika, ni mbali, na kuna simba.

Kabibi alikuwa hajui tunakoenda. Nilikuwa sijamwambia, nikiogopa kumpa mama halafu nimnyang'anye. Alikuwa amekaa kwenye gunia anachezea utepe, mkono haupo shavuni. Na hapo, kwenye tope lile, nilihisi kitu ambacho nimekiungama kwa padri mara mbili na bado hakijaondoka. Nilihisi nafuu. Kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu nikaanza tena kuomba Mungu lori litoke.

Lilitoka siku ya pili mchana. Tulipofika Karema boti ilikuwa imeondoka jana yake.

Nilisimama ufukweni na yule mtoto mkononi. Wavuvi wakaniambia mama alisubiri mpaka mwisho, si kwa sababu alijua lolote, ni kwa sababu alikuwa anaogopa kurudi. Alikuwa na haki ya kuogopa. Siku tano baadaye vita vilishika tena upande ule, na waliovuka walisema kijiji alichokuwa anaelekea kimeteketezwa. Wengine walisema watu walikuwa wamekwisha kukimbilia milimani. Hakuna aliyekuwa na hakika.

Nilimpiga Kabibi picha nyingine siku ile ile, pale pale. Nilimtoa utepe, nikampangusa mafuta. Nilimwambia anitazame, kisha nikamgeuza shavu la kushoto kwenye jua. Akaleta mkono. Nikautoa. Akaleta tena. Nikaushika kwa nguvu, nikapiga kwa mkono mmoja, naye analia. Ni picha mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga, imetikisika, na kivuli changu kimeingia. Mtu yeyote aliyewahi kumwona mara moja angemtambua.

Nilisafisha nakala nyingi. Kila mvuvi aliyevuka nilimpa. Nilizituma miaka minne.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Yangu haikutibu mtu. Mama hatafuti uso mzuri. Anatafuta kile anachokijua peke yake, kovu alilolipaka asali kwa mikono yake na kulilia. Hicho ndicho nilichokificha mimi, na nilikificha kwa upendo, na sina namna ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Kabibi nilimlea. Tulihamia Ilembo, hapo hapo Mpanda, nikafanya kazi kwa Mzee Athumani mpaka alipofariki, kisha nikafungua pangu. Aliniita yaya, ambayo kwetu ng'ambo ni dada mkubwa. Watu wa Mpanda walidhani ananiita mfanyakazi wa ndani, wakawa wanamgombeza. Kuniita mama nilimkataza. Nilimwambia mwenye jina hilo yupo, na sisi tunamsubiri. Siku hizi wateja wananiletea picha zao kwenye simu, "Mama, nitolee haya madoa," nami nakataa, na wengine huondoka wakisonya. Waende.

Alipomaliza kidato cha nne nilimweleza yote. Ilikuwa mchana, tunachambua mchele uliotoka shambani Kakese. Nilimwekea zile picha mbili mbele yake. Ile ya pili hakuitazama. Ya kwanza aliishika, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Yaya," alisema, "hata mimi nisingejijua."

Sikujua kama ananisamehe au ananihukumu. Nadhani naye hakujua. Aliendelea kuchambua mchele.

Mwaka jana, akiwa tayari mwalimu kule Inyonga, alipanda basi akaja kwangu akasema anataka kwenda Karema. Nikamuuliza kufanya nini. Akasema, "Kuna mtu mmoja alikaa na mama yangu siku nzima. Sijawahi kumuuliza mama alifananaje."

Bwana Kapele ni mzee sasa, ana kisukari, lakini akili iko sawa. Alimkumbuka mtoto, akamkumbuka na mama. Tulikaa uani kwake. Kabibi alimwamkia, akamweleza shida yake kwa adabu kama anavyozungumza na wazazi wa wanafunzi wake. Alikuwa na umri ule ule, nadhani, aliokuwa nao mama yake siku ile. Alimuuliza mzee kama mama alikuwa mweupe au mweusi. Kama alikuwa na mwanya. Kama anamwona yeye amefanana na mama hata kidogo.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, upande huu na upande huu. Nilimwona anajitahidi. Kamera ilikuwa kwenye mkoba wangu na sikuigusa.

"Mwanangu, nisikudanganye," alisema mwishowe. "Alisema nami kidogo tu asubuhi, na mimi nilikuwa naandika. Baada ya hapo alinipa mgongo mpaka saa nane. Alikuwa anaangalia picha."