Binti Yangu Anataka Kuniletea Pudo

Habari zenu nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Admin, jina langu lifiche, ingawa wa huku kwetu watanijua tu wakifika kwenye habari ya mbwa.

Nina miaka hamsini na tisa, naishi peke yangu upande wa Mtinko, Singida. Mtoto ninaye mmoja, wa kike. Ana kazi yake nzuri Dar es Salaam na huu ni mwaka wa nne hajatia mguu hapa. Simsemi vibaya, kila Jumapili ananipigia simu. Ila Jumapili iko moja kwa wiki, siku nyingine naongea na kuku.

Mwezi uliopita alipiga ana furaha kweli. Baada ya shikamoo akaniambia amepata mtoto wa mbwa, pudo, wale wa manyoya ya kujisokota, na kuna rafiki yake anapita kwenda Mwanza na gari, atanishushia. Akasema, "Mama, ni kama yule Pudo wetu wa zamani. Atakuwa anakaa na wewe." Nikamshukuru. Simu ilipokatika nililia mpaka maharage yakaungua jikoni.

Naomba mnivumilie nieleze. Yule Pudo wa zamani alikuja miaka ile mitumba ilipoanza kujaa minadani na kampuni za kigeni zikaruhusiwa kuingia. Mume wangu alikuwa dereva wa wazungu waliokuwa wakichimba visima. Walipomaliza kazi wakamwachia mbwa wao pamoja na kitana chake cha chuma. Mume akafika naye nyumbani, akasema tu, huyu ni pudo. Mimi nikajua ndilo jina lake. Miezi mingi namwita Pudo, Pudo, hageuki, nami namsema kwa ukaidi. Kumbe nilikuwa namwita kabila lake. Ni sawa na mtu asimame barabarani aniite Mnyaturu, Mnyaturu, halafu akasirike kwa nini siitiki.

Haikupita muda mume akaenda migodini kutafuta maisha. Hakurudi, wala hakuandika barua. Nikabaki na mtoto wa miaka saba na mbwa ambaye jina lake la kweli sikuwahi kulijua.

Nilimpenda yule mbwa, msinielewe vibaya. Alinifuata kisimani, alinifuata mpaka mlango wa choo akakaa ananisubiri. Hakuna mtu mzima aliyenifurahia vile mwaka ule. Lakini majirani walikuwa na midomo. Walimwita kondoo anayebweka. Wakasema mwanamke kaachwa na mume, sasa kazi yake ni kuchana nywele mbwa. Aibu ikanishika. Kitana nikakificha darini, na mbwa nikamfunga kando ya zizi la mbuzi alale nje kama mbwa wengine wa huku, halafu mimi nashinda shambani.

Habari ya manyoya sikuiwaza kabisa. Kondoo wetu wa Singida hawanyolewi, manyoya yao ni mafupi na yana mwisho wake. Nikadhani na ya mbwa yatafika mahali yakome. Hayakukoma. Yaliota, yakashikana mabonge, yakaokota mbigili na tope la masika. Mchana kutwa analia. Mimi nasema anawalilia wazungu wake.

Alipoacha kula ndipo nikamwita bwana mifugo. Aliyakata yale mabonge kwa mkasi taratibu, na chini yake ngozi ilikuwa imevutwa mpaka ikachanika, makwapani mna funza. Nilisubiri anigombeze, hakunigombeza. Alisema, "Mama, huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa anaumia, tena peke yake."

Siku ya tatu akafa. Nilimzika nyuma ya zizi mtoto akiwa shuleni. Aliporudi akamuulizia Pudo, nikamwambia wazungu wamekuja kumchukua. Anaamini hivyo mpaka leo, ndiyo maana anadhani pudo ni zawadi ya kunifurahisha.

Sasa nawaza. Magoti yangu haya, nani atakuwa anainama kumchana kila siku? Saluni za mjini wananyoa watu, mbwa nani atakubali kumshika? Hawa mbwa wanaishi miaka mingi, nikitangulia mimi atabaki na nani, arudi kando ya zizi? Nikimkataa, binti yangu ataona nimemkataa yeye. Nikimpokea, kila nikimgusa manyoya nitamgusa yule wa kwanza.

Jumapili iliyopita alinisomea masharti. Achanwe kila siku. Anyolewe kila baada ya wiki chache. Akioga masikio yakaushwe. Asilale nje. Mimi naitikia tu, sawa, sawa mwanangu. Mwisho akasema, "Na kubwa kuliko yote mama, usimwache peke yake muda mrefu. Pudo akiachwa peke yake anaugua."

Nilinyamaza. Akadhani simu imekata, akawa anaita, mama, mama, upo? Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeishika simu kwa mikono miwili. Nikamwambia ni mtandao.

Huyo rafiki yake anapita wiki ijayo. Ndugu zangu, nimpokee mbwa na nikitoe kitana darini, maana bado kipo? Au nimwambie binti yangu Pudo alikufaje, na nimwambie kwamba kwenye hilo gari niliyetamani ashuke ni yeye? Nishaurini nifanye nini, ila iwe kabla ya Jumapili. Akiniuliza tena kama nipo, sitaki kusingizia mtandao.