Ernestine na Barabara ya Inuvik

Kutoka Aklavik hadi Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada, ndege haikupi hata nafasi ya kumaliza chai: dakika ishirini, umetua. Barabara ya barafu, ambayo ni mto wenyewe ulioganda, inafuata mikunjo yake yote, ni saa mbili nzima, na Ernestine Vittrekwa aliipenda hiyo. Ndege hakuiamini hata kidogo. Mkwewe Dwayne alikuwa rubani, kwa hiyo wawili hao walitaniana tangu siku ya posa.

Mwisho wa Aprili simu ililia kutoka hospitali ya Inuvik: uchungu umemshika binti yake Lorna, mke wa Dwayne. Katika ukoo wa Ernestine, bibi mzaa mama ndiye humpokea mikononi mtoto wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, baba akiwemo. Ernestine aliisubiri zamu hiyo miaka mingi, wala hakuficha. Lakini ukungu ulikuwa umeziba uwanja wa ndege, na barabara ingefungwa jioni ileile kwa sababu barafu ilishaanza kulegea.

Dwayne alikuja mwenyewe kuomba lifti, uso umemshuka.

"Ndege yako iko wapi, baba?" Ernestine alimuuliza.

"Mama, leo nicheke ukitaka, ila twende."

Pikapu ya Ernestine iliondoka milango ikiwa imeachwa wazi na mikanda haijafungwa, kama ipasavyo barafu inapozeeka, ili watu waruke nje upesi gari likizama. Walipofika kwenye kona moja walikuta maji yametanda juu ya barafu. Dwayne alitaka wapite kwa kasi wamalize. Ernestine alimwambia gari likikimbia linasukuma wimbi chini ya barafu, na wimbi hilo ndilo linaloipasua. Akashuka na mtaimbo wake.

"Shika usukani. Unifuate kwa mwendo wa miguu yangu. Ukinipita, shauri yako."

Alitangulia akigonga barafu na kuisikiliza, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, glavu zimelowa chepechepe kwa maji yaliyoruka kila alipogonga. Rubani aliyezoea kuipita nchi yote ile kwa ndege kabla hujafumba jicho alimfuata bibi kizee hatua kwa hatua, jasho likimtoka. Hakupiga honi hata mara moja. Ernestine alilitambua hilo, na moyoni alimpenda kijana huyu kuliko siku zote.

Walipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Lorna alikuwa amemlaza kifuani, na muuguzi alisimama pembeni amenuna, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kumgusa.

"Sijampa mtu, mama," Lorna alisema. "Mchukue."

Ernestine alinyoosha mikono, kisha akaitazama. Ilikuwa imegeuka bluu kwa baridi, na vidole havikunjiki. Machozi yalimlenga, akayaacha. Akamgeukia mkwewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijua si zamu yake.

"Njoo umshike wewe," alimwambia. "Mikono yangu itamtia baridi, na yako imetoka kwenye hita ya gari."