Mkanda Ulikatika, Akasingiziwa Fundi

Wasomaji wangu, wiki hii nilikuwa nimeandaa mambo mengine kabisa ya kuzungumza nanyi, lakini Jumanne asubuhi nikapigiwa simu kwamba fundi mmoja wa magari hapa Morogoro ametutoka. Presha ilimwangusha akiwa anavaa viatu aende kazini, na hadi wanamfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Wengi wenu hamkumjua. Gereji yake, kama ile tunaweza kuiita gereji, ilikuwa banda la mabati kando ya barabara ya kwenda Mzinga, na hata kibao haikuwa nacho. Tulimzika alasiri ya siku hiyohiyo. Kabla ya kumswalia, shehe akatugeukia akauliza tunamshuhudia vipi marehemu, na uwanja mzima ukaitikia kwa sauti moja: "Mtu mwema!" Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na hadi naandika haya haijanishuka. Maana wengi wa wale waliokuwa wakiitikia kwa makoo mapana nimewasikia kwa masikio yangu haya wakimwita mharibifu wa magari ya watu. Na mimi niliitikia pia, tena kwa sauti kubwa, ilhali nilikuwa na langu moyoni.

Nilimfahamu siku niliyompelekea gari langu la kwanza, ambalo lilitumika Japani, likatumika tena Dar, kisha likanifikia mimi. Dalali alikuwa ameniapia kwa jina la Mungu kwamba injini haijaguswa. Mnajua jinsi maneno hayo yanavyotulevya. Sisi tukienda kununua gari hatuulizi limetunzwaje, tunauliza kama limewahi kufunguliwa, na tukiambiwa halijafunguliwa mate yanatudondoka. Basi fundi akafungua boneti, akainama, akamulika, halafu akacheka peke yake. Pembeni ya injini palikuwa na stika ndogo iliyopauka, ina maandishi ya Kijapani na tarakimu. "Kaka, Mungu anakupenda," akaniambia. "Wenzetu kule wakibadilisha taimingi belti wanabandika hii, wanaandika gari lilikuwa limefika kilometa ngapi. Aliyekuwa na gari hili alikuwa mtu na akili zake." Badala ya kushukuru, mimi nikanuna. Kumbe injini imeguswa! Nikamwambia nalirudisha kwa dalali leo leo. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akaniangalia. "Kwa hiyo wewe mtoto akishachanjwa humtaki tena?" Nilicheka kwa aibu, na tangu siku ile tukawa watu wa kusalimiana.

Kwa asiyejua, taimingi belti ni mkanda wa mpira uliojificha mbele ya injini, nyuma ya kifuniko. Kazi yake ni kuhakikisha pistoni zinapopanda valvu zimeshapisha njia. Si kila gari linao, mengine yana mnyororo, ila yenye mkanda ni mengi na yako barabarani mpaka leo. Mpira ni mpira, unazeeka hata gari likiwa limelala. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, kwenye injini nyingi pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na hapo huna injini tena. Ndiyo maana marehemu alikuwa akiimba wimbo mmoja tu kwa kila anayenunua gari la mkononi: kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, na uubadilishe kabla ya redio, kabla ya mazulia, kabla ya kwenda kuwatambia wakwe. Akaniambia pia jambo lililonikera kuliko yote. Zile stika madalali wanazibandua. Wanazibandua kwa sababu kilometa zilizoandikwa pale zinapingana na za kwenye dashibodi, ambazo wamezirudisha nyuma wenyewe, na kwa sababu mteja akijua injini imewahi kufunguliwa anakimbia. Yaani ushahidi pekee kwamba gari lilitunzwa ndio unaotupwa kwanza, na anayefanya utupwe si dalali peke yake. Ni sisi tunaokimbia.

Sasa nije kwenye kilichoua jina lake, maana jina lake lilitangulia kufa yeye akiwa hai. Kuna mwalimu mstaafu, aliyenifundisha mimi shule ya msingi, ambaye alitaka gari la kumpandisha mkewe Mgeta. Wana shamba la mboga kule, na magoti ya mama hayamruhusu tena kugombea magari ya abiria. Mwalimu akaniomba nimtafutie fundi wa kuaminika, nami nikampeleka kwenye lile banda, dalali aliyekuwa akimuuzia akiwa amekuja na gari linang'aa kama sahani ya arusi. Marehemu alimwamkia mwalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, akaingia kazini. Mimi ndiye niliyemshikia tochi ya simu. Akanionyesha kipande kisafi cha mraba katikati ya vumbi la miaka. "Hapa palikuwa na stika. Imebanduliwa."

"Stika gani bwana!" dalali akadakia. "Mzee wangu, hiki chuma injini haijaguswa tangu kishuke melini. Weka mafuta, ondoka zako."

"Mwalimu," fundi akasema, "naomba nifungue bolti chache za kifuniko hiki, tuuone mkanda kwa macho. Hata nusu saa haifiki."

"Weee! Ukilifungua mimi silipokei tena. Gari likishachokonolewa nani atalinunua?"

Mwalimu alisita. Aliniangalia mimi, nami sikusema kitu, akaliangalia gari linavyowaka juani. "Acha, mwanangu," akasema. "Usilifungue. Funika tu."

Fundi akafunika boneti. Hakuwa ameshika hata spana. Lakini alimfuata mwalimu hadi mlangoni mwa gari akamwambia, mimi nikisikia: "Basi mwalimu ukishalilipia nirudishie, nikubadilishie mkanda kabla hujalipandisha mlimani. Nakuomba, usipande nalo hivihivi." Mwalimu akasema inshallah, na dalali akasonya.

Hakurudi. Wiki ya pili akampakia mkewe na magunia yake matupu wakaenda Mgeta. Mkishaiacha barabara ya Iringa mnaanza kupanda, na katikati ya kona za mlima injini ikazima ghafla. Gari likaanza kurudi nyuma, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili bonde. Mwalimu akaikanyagia breki kwa uzito wake wote, na yule mama wa magoti mabovu akashuka, akajikokota akitafuta mawe, akayasukumia nyuma ya matairi kwa mikono yake. Mungu peke yake ndiye aliyewarudisha wazima. Gari lilivutwa hadi mjini, fundi mwingine akalifungua: mkanda umekatika, valvu zimepinda. Na swali la kwanza lililomtoka lilikuwa lilelile letu la siku zote. Hakuuliza mkanda ulibadilishwa lini. Aliuliza, "Nani aliligusa hili gari?" Mwalimu, nadhani kwa aibu ya kuwa alionywa akapuuza, akamtaja marehemu. Kesho yake kwenye kijiwe cha kahawa habari ikawa imeshakamilika kwamba yule fundi wa njia ya Mzinga alifungua injini nzima akaifunga ovyo, nusura aue watu. Wateja wakampungua mmoja mmoja, kisha wakaisha. Alimalizia miaka yake akitengeneza pampu za maji na mashine za kusaga, yeye aliyekuwa anaijua injini kwa kuisikiliza tu. Dalali yeye yupo, ananenepa, na kila gari lake bado injini haijaguswa.

Mtaniuliza nilikuwa wapi mimi. Nilikuwepo hapahapa. Marehemu alinifuata mara moja tu, akasimama nje hata kukaa hakutaka. "Kaka, wewe ulikuwepo. Mimi nikabishane na mwalimu, nani atanisikiliza?" Nikamjibu, "Yatapita, watu wanasahau." Jibu la kijinga kabisa, jibu la mtu anayetaka mwenzake aondoke. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mwalimu wangu. Sikuogopa fimbo, niliogopa kumwambia mtu aliyenishika mkono nikajifunza kuandika kwamba anasema uongo. Tumelelewa kumwamkia mkubwa, na ni jambo jema, sitaki lifutike. Lakini ni nani alitufundisha kwamba adabu ni kukaa kimya mkubwa anapomzika mdogo akiwa hai? Adabu gani hiyo? Ule ni woga, tena woga wenye kujipenda, na mimi niliuvalisha kanzu nikauita heshima.

Na hili si la magari tu. Tazameni tunavyowafanya wanaotaka kufungua kifuniko tukaona kilichomo ndani. Mjenzi akisema msingi huu una ufa, anaambiwa anatafuta kazi. Mhasibu wa kikundi akiomba daftari likaguliwe, anaitwa mchonganishi. Tunajisifu hata kwa miili yetu: "Mimi tangu nizaliwe sijakanyaga hospitali!" Unalisema hilo kifua mbele, na wenzako wanakupigia makofi, kumbe ni dalali yuleyule anakuuzia gari lilelile. Marehemu mwenyewe, naambiwa, presha hakuwahi kupimwa hata siku moja, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu alijua kuwakagulia wengine akajisahau yeye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema kila siku, ila hatusemi kwamba kwetu sisi anayeuonyesha ufa ndiye tunayemsukumia ukuta.

Baada ya maziko nilikwenda kumpa pole mjane. Alikuwa ameketi chumbani na wanawake wenzake, mimi nikasimama kizingitini nikasema ya kusema. Nilipotaka kuaga akaniita. "Shemeji, ngoja. Wewe siku ile ya gari la mwalimu ulikuwepo. Aliligusa, hakuligusa?"

"Hakuligusa," nikasema. "Aliomba alifungue wakamkatalia."

Wanawake wote wakanigeukia. Mjane akainamisha macho kwenye mkeka. "Alikuwa ananiapia," akasema. "Anaapa hadi machozi yanamtoka, na mimi namwambia, baba, labda kuna kitu ulisahau kukaza. Namwambia kila tukikosa hela, kila tukigombana. Mume wangu amekufa nikiwa simwamini, shemeji. Na wewe ulikuwa unapita hapa mlangoni."

Nilidhani nimemnyima ushahidi mbele ya wateja tu, kumbe nilimnyima hata mbele ya mke wake, ndani ya nyumba yake, kwenye kitanda chake. Hatukuhitaji kumwitikia "mtu mwema" mbele ya jeneza, hapo hakuwa anatusikia. Alihitaji mtu mmoja aje barazani kwake, akiwa hai, aseme neno moja mkewe akisikia.

Kwa hiyo, msomaji, ukinunua gari lililotumika, lifungue. Mwache fundi aione injini, na ubadilishe mkanda kabla ya safari ya kwanza, dalali akasirike asikasirike. Na kama una neno la kumsafisha mtu aliyesingiziwa, usilitunze mpaka shehe aje akuulize. Lipeleke leo, umkute nyumbani. Mimi nimechelewa, na kwa kuchelewa kwangu kuna mjane analia peke yake, lakini nalisema hapa mbele ya watu wote, kwa sababu najua safu hii mwalimu wangu anaisoma kila wiki. Shikamoo, mwalimu. Fundi hakuligusa gari lako.