Mbwa Wangu Analeta Kanga

Tangu juzi sina uso wa kurudi ukweni Magu. Nilimfundisha Bosi, mbwa wangu mchanga wa kuwinda, atembee ubavuni kwangu bila kamba hata akinusa ndege, mpaka niseme, "Kanga!" Kwangu Ilemela hakuna kanga hai, basi nikafunga manyoya yao kwenye kanga kuukuu ya mke wangu, nikawa nasema "Kanga!" na kumrushia alete. Akaiva kabisa.

Juzi tukapita na baba mkwe kichakani, nyuma tu ya nyumba yao. Kanga wamejaa, Bosi katulia kama mzee wa kanisa. Nikatamba, "Baba, tazama sasa. Kanga!"

Bosi akawapita ndege wote, mbio hadi nyumbani. Akarudi mkia juu, kanga mdomoni, maua mekundu.

Kutoka bafu la uani, mama mkwe akapaza sauti: "Jamani, nani kachukua kanga yangu? Nitatokaje?"