Gari ya Biti Bibili na Mama Mukwe

Dimanche yenye ilipita, siku ya kanisa, mu mutaa wa Musonoi, niliona gari ya sport ya Japon, ya zamani, nyekundu, chini-chini: hata kuku inainama juu ya kupita chini yake. Mwenyewe, tata moja, baba mwenye kutoka Kasai, alikuwa anaipanguza sawa mutoto. Juu ya kupata pièce yake moja ya kubadilisha, alivukaka Zambia yote.

Mama mukwe wake alisimama pale, kanzu nyeupe ya mujukuu ya batême, ya kubatizwa, ku mukono. Kengele ya kanisa ilishapiga, na mutoto alikuwa kule anangojea kanzu.

"Panda, mama," tata anasema, macho chini.

"Nikale wapi?"

"Pembeni yangu. Iko biti bibili tu."

Mama akarudia nyuma. "Mi nikale bega kwa bega na mukwe, batu baone? Ni mwiko! Kiti ya nyuma iko wapi?"

"Haiko, mama. Bajapani habakuiweka."

"Kule habanaka bakwe?"

Mi, mwenye naendeshaka hata gari yenye haina magurudumu, nikanyoosha mukono: "Tata, leta funguo." Akaitoa sawa mutu anatoa figo.

Tukaenda, mama pembeni yangu, na tata nyuma, juu ya taxi-moto, pikipiki ya kulipia, anakula vumbi yetu yote. Ku kanisa batu bakanipigia makofi, nikabapungia mukono sawa gouverneur. Tata akafika mwekundu na vumbi kupita gari yake. Mama akamuangalia, akafurahi:

"Huyu njo mukwe wa heshima!"

Bandugu, gari ya biti bibili ni muzuri sana. Lakini ununue na pikipiki pia, sababu siku ya bakwe wewe njo utapanda pikipiki.