Mbuzi Niliyemwacha Mlangoni mwa Kanisa

Siku ile tulikuwa wanne. Mimi mwenyewe. Mke wa mwanangu wa pili, ambaye ninaishi naye hapa Lodwar hadi sasa. Ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa letu kule Kakuma. Na mama mmoja wa Sudan Kusini, mkaaji wa kambi ya wakimbizi, aliyekuwa akinunua kuni zangu. Majina yao nayajua yote, na ya baba zao, lakini hapa siyaweki. Wenyewe wakisoma watajijua.

Yule mama alipika mikate ya kuuza. Nilimpelekea kuni, akanipa unga, tukakaa kidogo tukicheka. Aliniita Mama Kuni.

Kisha mbuzi wangu akapotea, jike mweupe mwenye shingo ya kahawia, ana mimba. Asubuhi ile alikuwa akila karibu na kambi, na mchana nikaona nyama kwenye sufuria ya yule mama. Sikuuliza. Jioni, kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake, nikasema, "Mama wa mikate amekula mbuzi wangu." Nikarudia, ili na wa nyuma wasikie.

Sisi wauza kuni hatupigani na mtu. Tunapita mlango wake tu, kama hauko. Wote wakaupita. Akakosa kuni, na mikate ikaisha.

Mvua ilipokuja, mbuzi akarudi na watoto wawili. Alikuwa amefuata mifugo ya watu waliohamia upande wa Lokichoggio, na mchungaji wao akaitambua alama ya nyumba yetu iliyokatwa sikioni. Nilifurahi, halafu nikaona aibu, halafu nikanyamaza. Nikajiambia nitampa Mungu mtoto mmoja, yaishe.

Jumapili nikamvuta yule mtoto wa mbuzi hadi kanisani, nikasimama naye mlangoni. Shemeji akasoma lile neno la mtu aliyeleta sadaka, akakumbuka kuna mtu ana kinyongo naye, akaambiwa aiache, akapatane kwanza. Shemeji hakujua kitu. Alisoma tu zamu yake. Lakini wakati wa sadaka ulipofika, miguu yangu ilikataa kuvuka mlango.

"Shemeji, nishikie huyu," nikamwambia.

"Sadaka huja mbele, shemeji. Hairudi nyuma."

"Bado haijafika. Iko mlangoni."

Watu wakacheka. Nikamfunga mbuzi kwenye nguzo, nikashika njia ya kambi na mke wa mwanangu. Njiani nilisimama mara nyingi, akanitania, "Mama, kuni umebeba miaka yote hujachoka. Leo maneno matupu ndiyo yanakulemea?"

Tulimkuta yule mama anachekecha unga.

"Ejok," nikasalimu kwa lugha yetu.

Akaendelea na chekeche lake. Baadaye akasema, "Mama Kuni. Leo umeleta kuni gani?"

"Sina kuni. Nimeleta huu mdomo uliokusema pale bombani. Mbuzi amerudi."

"Najua amerudi. Kambi ina masikio. Mimi nilikuwa nangoja wewe urudi."

"Na ile nyama?"

"Kichwa cha kondoo, nilinunua kwa Msomali. Ungeuliza, ningekupa ulimi. Labda ungekusaidia."

Nikasema nimekosa, anisamehe. Akainuka, akanishika kichwa kwa mikono yake ya unga, akanitemea mate kwenye paji la uso.

Mke wa mwanangu, mtoto wa mjini, akanivuta mkono. "Mama, twende. Ametutemea."

"Wacha," nikamwambia. "Nimebarikiwa."

Wazee wetu hubariki hivyo. Mate ni maji, na kwetu maji hayamwagwi juu ya mtu usiyemtakia mema. Sikujua kwamba na kwao ni vilevile. Nikakaa chini kwenye mchanga nikalia.

Tuliporudi kanisani watu walikuwa wametawanyika. Shemeji alikuwa ameketi kivulini na kamba mkononi. "Sadaka yako imekula maua ya madhabahuni," akasema.

"Basi imefika mbele kabla yangu."

Kesho yake nikasimama pale bombani, nikasema kwa sauti ileile kwamba mbuzi yuko hai na mwenye kosa ni mimi. Mwenzangu mmoja akaguna. Mwingine akajitwika kuni zake, akaelekea kwa mama wa mikate. Kabla ya Jumapili moto wake ulikuwa unawaka, na mimi nilikula mkate wa kwanza, wa moto, ukaniunguza ule ulimi.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Kama mlikuwepo na nimekosea rangi ya mbuzi au mpangilio wa maneno, nisahihisheni. Mimi nahesabu nilimsema mara mbili pale bombani. Aliyesikia ya tatu asinionee haya, aniambie, nipande gari niende Kakuma nikaiombee msamaha nayo.